Hatari ya Jengo Lililobomolewa Nusu

Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto na lilikuwa tayari kwenye orodha ya kubomolewa. Wakaguzi walikwisha kusema halifai kukaliwa, lakini familia ziliendelea kulipa kodi na kulala humo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Pembeni yake lilisimama jengo jingine refu ambalo nalo liliamriwa libomolewe. Amri ilitoka upesi; utekelezaji ukakwama.

Mambo ya namna hii tumezoea kuyaeleza kwa uzembe na rushwa, na mara nyingi maelezo hayo ni ya haki. Ila ipo sababu ya tatu isiyosemwa sana. Kubomoa jengo refu lililobanwa na mengine pande zote ni kazi ngumu, ghali na ya kitaalamu, na sisi hatujaipa heshima hiyo. Bomoabomoa tunayoijua ni notisi, polisi, tingatinga, vumbi na vilio. Alama nyekundu ya X ukutani inatangaza kwamba jengo liondoke. Haisemi pa kuanzia, haisemi nguzo ipi isiguswe hadi mwisho, wala haisemi kifusi kitakaa wapi.

Ukifuatilia maafa ya ubomoaji yaliyotokea nchi mbalimbali, utaona jinsi yanavyofanana. Jengo halikuua watu likiwa zima, wala halikuua likiwa limekwisha kulala chini. Liliua katikati ya kazi, siku ambayo sehemu moja ilikuwa imeondolewa na nyingine imebaki bila kitu cha kuishikilia. Mhandisi wa ubomoaji analipwa kukifikiria kipindi hicho cha katikati, saa kwa saa, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

Uzito hauondoki, unahama

Jengo lililosimama lina njia zake za kuteremsha uzito. Sakafu inauegemeza kwenye bimu, bimu kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, msingi kwenye ardhi. Ukiondoa kiungo kimoja, uzito uliokuwa ukipita hapo haupotei. Unahamia papo hapo kwenye viungo vilivyobaki, kama vile watu wanne waliobeba mzigo na mmoja wao akaachia ghafla. Wengine watatu wanaweza kustahimili. Wanaweza pia wasistahimili, na hakuna atakayewauliza kwanza.

Hilo watu wengi wanalielewa bila kufundishwa. Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni kwamba jengo halibebi uzito wa kushuka tu. Lazima pia lisiyumbe na lisilale ubavu, na kazi hiyo hufanywa na sehemu ambazo kwa macho hazionekani kubeba chochote. Ukuta mrefu wa matofali unasimama kwa sababu sakafu za kila ghorofa zimeukamata. Toa sakafu, na ukuta uleule uliosimama miaka 80 unageuka kuwa pazia la matofali linalosubiri upepo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Philadelphia, Marekani, Juni 5, 2013. Jengo la zamani la ghorofa nne lilikuwa likibomolewa, na pembeni yake, limegusana nalo, kulikuwa na duka la ghorofa moja la kuuza nguo na vitu vya mitumba. Mkandarasi alikuwa amekubali kazi kwa bei iliyokuwa chini sana kuliko za wenzake. Mbao nene zilizobeba sakafu zilikuwa na soko, kwa hiyo zilitolewa mapema ili ziuzwe. Ukuta wa mpakani ukabaki umesimama peke yake, mrefu, bila sakafu wala mhimili wa kuushikilia. Duka halikufungwa. Ukuta ulipoanguka uliangukia paa lake, na watu saba walipoteza maisha. Mkandarasi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 hadi 30.

Tukio hilo naliona kama somo kamili la fani hii, kwa sababu hakuna kosa hata moja kati ya hayo lililohitaji mashine ngumu au hesabu za juu ili kuepukwa. Kazi ilipaswa kufuata utaratibu mmoja tu: teremsha ghorofa moja, sakafu na kuta zake pamoja, kisha uingie ya chini yake. Usiache ukuta ukiwa mrefu kuliko sakafu inayoushikilia. Na watu wa jirani wasiwemo ndani.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa zina siri hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na juu yake hulazwa boriti za mikoko zinazobeba dari ya mawe na chokaa. Boriti hizo hazibebi dari peke yake. Zinazifunga kuta zisiachane. Paa likivuja miaka mingi bila kutengenezwa, maji huosha chokaa ndani ya ukuta, na ncha za boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki, yaani ndani ya unene wa ukuta wenyewe. Ukuta huanza kutoa tumbo. Anayekuja na sururu akaanza kung'oa boriti kwa sababu zimeoza anaondoa kitu cha mwisho kilichokuwa kikizuia tumbo hilo lisipasuke. Nyumba ya namna hii hutegemezwa kwanza, ndani na nje, kwa magogo au vyuma vya mshazari vilivyopigiliwa kwenye msingi imara. Kung'oa kitu chochote ni baadaye.

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 kwenye ufukwe wa Zanzibar, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na wafanyakazi wawili wakafa. Hakuna aliyekusudia kubomoa jumba lile. Lakini kukarabati jengo lililochoka ni kulifungua, na kulifungua ni kulibomoa kidogo, kwa hiyo kanuni za ubomoaji zinahusika hata pale ambapo kibali kimeandikwa ukarabati.

Hili ndilo linalonipa hofu zaidi katika miji yetu ya biashara. Mwenye jengo anataka fremu za maduka ziwe kubwa zaidi, anavunja ukuta. Anataka stoo ya chini, anachimba karibu na nguzo. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lililojaa wafanyabiashara na wateja liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu wasiopungua 29 wakafariki. Waliokwama chini ya kifusi walipelekewa hewa, maji na glukosi kupitia matundu, na zaidi ya 80 waliokolewa. Waliokuwepo walieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini. Anayetoboa ukuta wa jengo lenye watu ndani anafanya ubomoaji wa hatari kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyehamishwa.

Hesabu ya kifusi

Tuje kwenye jambo ambalo nadhani kila kibarua anayepandishwa juu ya ghorofa na nyundo angepaswa kuambiwa siku ya kwanza.

Sakafu ya zege ya nyumba ya kuishi, mbali na uzito wake yenyewe, hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hapo ndipo wanapokaa watu, vitanda, makabati na jokofu. Kifusi cha zege na matofali kikiwa kimerundikana kina uzito wa takriban tani moja na nusu kwa mita ya ujazo. Piga hesabu. Kifusi cha kimo cha sentimita 10 tu, yaani upana wa kiganja, kina kilo 150 kwa mita ya mraba. Sakafu imekwisha kushiba. Rundo linalofika magotini, nusu mita hivi, lina kilo 750, mara nne au tano ya kile ambacho sakafu ilikadiriwa kubeba. Na haya ni kwa sakafu nzima, changa, iliyomwagwa kwa kipimo sahihi. Jengo linalobomolewa kwa kawaida halina sifa hizo.

Sasa chukua sakafu ya juu yenyewe. Ikiwa na unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 370 kwa mita ya mraba. Ikikatika na kuangukia ya chini, haishuki kwa upole. Hata mzigo unaoachiwa ghafla bila kuanguka kutoka juu husukuma kwa nguvu ya takriban mara mbili ya uzito wake, na ukianguka kutoka mita tatu nguvu hiyo inazidi mara nyingi. Sakafu ya chini inavunjika, zinakuwa mbili zinazoangukia ya tatu, na mlolongo huo haukomi hadi ardhini. Waokoaji wanaofika baadaye hukuta sakafu zimelaliana kama zilizopangwa, na nafasi ya mtu kuishi kati yake ni ndogo sana.

Kwa hiyo kazi inayofanywa kutoka juu kuelekea chini ina sheria zake. Kifusi hakirundikwi ghorofani. Kinateremshwa mfululizo kupitia tundu lililopangwa, mara nyingi tundu la lifti, au kupitia bomba la kutupia taka la nje. Ghorofa kadhaa zilizo chini ya eneo la kazi huwekewa nguzo za muda za chuma, ili uzito ugawanywe kwa sakafu nyingi badala ya moja. Ekskaveta ndogo ikipandishwa juu kwa winchi, mhandisi anapaswa kuwa ameonyesha kwa mchoro mahali itakapopita na mahali isipopaswa kukanyaga. Mashine ya tani tatu inayozunguka huku na huku ikigonga si sawa na kabati la tani tatu lililotulia.

Korea Kusini ni nchi yenye wahandisi wa hali ya juu na sheria nyingi, lakini Juni 9, 2021, mjini Gwangju, jengo la ghorofa tano lililokuwa likibomolewa liliangukia barabarani juu ya basi lililokuwa limesimama kituoni. Watu tisa walikufa. Badala ya kuanza juu, sehemu za chini za jengo zilikuwa zimeshaliwa, na rundo kubwa la udongo lilikuwa limejengwa nyuma yake ili ekskaveta ipande na kufika juu. Udongo huo, ulioloweshwa na maji ya kutuliza vumbi, ulilielemea jengo kwa upande mmoja, na jengo likaanguka upande wa pili. Kituo cha basi kilikuwa upande huo. Hakikuhamishwa.

Mpango wa kazi ulikuwepo kwenye karatasi. Haukufuatwa. Ndiyo maana naamini msimamizi anayekaa eneo la kazi siku nzima, mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine bila kupiga simu kuomba ruhusa, ana thamani kuliko michoro kumi iliyogongwa mihuri.

Jengo lililojeruhiwa

Jengo lililohamwa likiwa zima lina faida moja: linafanana na michoro yake, kama michoro ipo. Jengo lililoungua, lililopasuka kwa tetemeko au lililoporomoka upande mmoja halifanani na mchoro wowote. Mtu anayelikaribia hajui ni nguzo ipi inabeba nini leo.

Moto huliharibu zege kwa namna ya kudanganya. Kuanzia nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi zege huanza kupoteza nguvu, na aina nyingi hubadilika rangi na kuwa na wekundu wa waridi, alama ambayo mkaguzi huitafuta kwa kubandua lipu na kuchonga kidogo. Nondo zikifika nyuzi 600 hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Zikipoa, nondo za kawaida hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Zege halirudishi. Kwa hiyo jengo lililoungua vibaya linaweza kupakwa rangi likapendeza, huku nguzo zake zikiwa dhaifu hadi kiini.

Kutu nayo ina njia yake. Chuma kikila kutu kinavimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Uvimbe huo hupasua zege kutoka ndani, vipande vinabanduka, nondo zinabaki wazi, na hewa ya chumvi ya pwani inazimaliza. Majengo ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa yaliyojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa huugua hivyo mapema. Nondo kubwa iliyochorwa kwenye mpango inaweza kuwa imebaki nyembamba kama penseli.

Mbele ya jengo la aina hii, uamuzi wa kwanza wa mtaalamu ni kwamba watu wasiingie. Kiasi kikubwa cha kazi kifanyike kwa mashine yenye mkono mrefu ikiwa mbali na jengo. Didcot, Uingereza, Februari 23, 2016, sehemu ya jengo la matangi ya mvuke la kituo cha umeme kilichofungwa ilianguka wakati wafanyakazi wakiliandaa kwa kulipuliwa, wakikata baadhi ya vyuma ili lidhoofike mapema. Wanne walikufa. Sehemu iliyobaki ilikuwa hatari kiasi kwamba hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuikaribia. Julai mwaka huo baruti zilipelekwa na roboti, na mabaki yakalipuliwa kabla ya kutafuta miili yote iliyobaki. Familia zilisubiri miezi zaidi ya sita hadi mwili wa mwisho ulipopatikana. Najua ni vigumu kukubali kwamba waokoaji wasimame nje wakati wapendwa wamo ndani. Lakini kupeleka watu wengine chini ya vyuma vilivyokatwa nusu kungeongeza misiba.

Baruti haifanyi kazi yote

Video za majengo yanayoketi chini kwa sekunde chache zimewafanya wengi waulize kwa nini nasi tusilipue tu. Jibu linahitaji kueleweka vizuri.

Baruti katika ubomoaji hukata nguzo chache zilizochaguliwa. Kinacholivunja jengo ni uzito wake lenyewe likianguka. Milipuko hupishana kwa sehemu ndogo za sekunde, kwanza katikati kisha pembeni, ili kuta zivutwe ndani badala ya kusukumwa nje, na ili mtikisiko wa ardhi usije wote kwa mkupuo. Hesabu hiyo inategemea kujua kwa uhakika kila nguzo ina nini ndani. Jengo ambalo mjenzi alipunguza nondo hapa na kuongeza zege pale linaweza kuanguka upande usiotarajiwa, au likagoma katikati. Glasgow, Uskoti, Oktoba 2015, maghorofa sita ya Red Road yalilipuliwa kwa pamoja na mawili yakabaki yameegama, hayakushuka kikamilifu. Hapo unabaki na kile tulichokiogopa tangu mwanzo: jengo lililobomolewa nusu, safari hii limejaa nyufa zisizojulikana.

Minara miwili ya Noida, India, yenye kimo cha takriban mita 100, iliangushwa Agosti 28, 2022. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeamuru ibomolewe Agosti 31, 2021. Kati ya amri na mlipuko ulipita karibu mwaka mzima. Matundu zaidi ya 9,000 yalitobolewa kwenye nguzo, takriban kilo 3,700 za baruti zikapakiwa, nguzo zikavikwa nyavu za chuma na vitambaa vizito vya kuzuia vipande visiruke, mlipuko wa majaribio ukafanywa Aprili, na maelfu ya wakazi wa majengo ya jirani wakahamishwa asubuhi ya siku yenyewe. Walioifanya ni kampuni ya India ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, ileile iliyoliangusha jengo la Bank of Lisbon mjini Johannesburg Novemba 24, 2019. Hilo la Johannesburg, la ghorofa 31, liliungua Septemba 2018 na kuua wazimamoto watatu, na zaidi ya mwaka ulipita kabla ya kulipuliwa. Kwa hiyo utaalamu huu upo barani kwetu, na haufanywi kwa pupa.

Upande wa pili wa jambo hili ni Canberra, Australia, Julai 13, 1997. Hospitali ya zamani ililipuliwa na wakazi wakakaribishwa kutazama, wakaja kama kwenye tamasha. Inakadiriwa walifika laki moja. Vipande vya chuma viliruka kuvuka ziwa, na kimoja kikamuua msichana wa miaka 12 aliyekuwa amesimama zaidi ya mita 400 kutoka kwenye jengo. Tangu nilipofahamu kisa hicho sijaweza kutazama umati ukishangilia ubomoaji bila kutafuta kwa macho mtoto aliye mbele.

Katikati ya Kariakoo au Eastleigh, ambako ukuta wa jengo moja unagusa wa jengo la pili na mabomba ya maji yanapita chini ya kila kitu, kulipua ni chaguo la mwisho kabisa. Njia ya kweli ni ile ya polepole, ghorofa baada ya ghorofa kutoka juu. Inachukua miezi. Inagharimu, na mwenye jengo lililoamriwa kubomolewa mara nyingi hana fedha au hana nia. Amri isiyotaja nani atalipa ni amri ambayo jengo litaendelea kusimama chini yake.

Kabla ya nyundo

Umeme unakatwa barabarani na shirika lenyewe, si kwa kuzima swichi kuu ndani. Maji vivyo hivyo. Matangi ya mafuta na mitungi ya gesi hutolewa, na shimo la choo hutafutwa na kuonyeshwa, kwa sababu mashine nzito ikikanyaga mfuniko wake hutumbukia.

Kisha asbesto, na hapa naomba msomaji atulie. Nyumba nyingi za serikali, shule, maghala na kota za miaka ya 1950 hadi 1980 ziliezekwa kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayovunjika kama kigae. Likiwa zima juu ya paa halina madhara makubwa. Likivunjwa kwa nyundo au kuangushwa chini hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinazokwama kwenye mapafu na kuleta saratani na makovu baada ya miaka 20, 30 au 40. Kibarua aliyevuta vumbi hilo akiwa na miaka 25 ataugua akiwa mzee, na hakuna atakayeunganisha ugonjwa wake na paa alilolivunja kwa ujira wa siku. Mabati haya huloweshwa maji kwanza, misumari yake hukatwa badala ya kung'olewa, hushushwa kwa mikono moja moja, hufungwa kwenye nailoni nene na kuzikwa mahali palipoidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya. Hayapondwi kuwa kokoto, wala hayapewi jirani akaezeke banda la kuku. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Inahitajika ile yenye kichujio maalumu inayobana uso vizuri.

Vumbi la kawaida la zege nalo lina madhara, kwa kuwa madini ya silika yaliyomo huharibu mapafu. Maji yamwagwe muda wote wa kazi, kwa kipimo. Gwangju imeonyesha kwamba maji mengi mahali pabaya nayo ni uzito.

Jirani ana haki ya kujua. Kabla ya kazi, nyufa zote za nyumba yake zipigwe picha zenye tarehe, naye apewe nakala. Kwenye ufa unaotiliwa shaka, mafundi wa zamani walikuwa wakibandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Ni kifaa cha bei ya soda na bado kinafanya kazi vizuri, mradi kuna mtu anayekipitia kila asubuhi na kuandika alichokiona.

Kwa Tanzania, kibali cha kubomoa hutoka halmashauri, mkandarasi awe amesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, mhandisi awe na usajili wa ERB, bodi ya wahandisi, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ijulishwe kuhusu eneo la kazi. Kenya ina NCA, mamlaka ya ujenzi, kwa wakandarasi na idara ya usalama kazini kwa upande wake. Mihuri hiyo haitoshi, lakini asiye nayo hata moja asiruhusiwe kupandisha mtu juu ya ghorofa.

Na huyo mtu anayepandishwa, mara nyingi amevaa kandambili. Naliandika hili kwa uchungu. Kwenye kazi nyingi za mitaani utamwona kijana amesimama juu ya ukuta uleule anaoupiga nyundo. Asisimame juu ya kile anachokibomoa, bali kwenye jukwaa linalojitegemea, amefungwa mkanda kwenye kitu ambacho hakitaanguka pamoja na ukuta. Roshani inayoning'inia isiguswe na mtu aliye juu yake. Hushikiliwa na uzito wa ukuta ulio nyuma yake, na ukuta huo ukiondolewa kwanza roshani inapinduka mara moja. Bimu zenye nyaya za chuma zilizovutwa zina nguvu iliyofungiwa ndani, na anayekata waya bila kujua anaifungua yote kwa pigo moja.

Ipo pia hatari inayokuja mashine ikishaondoka. Bomoabomoa zetu nyingi huishia tingatinga likivunja nguzo za mbele na kwenda zake, jengo likiwa limeinama. Saa hiyohiyo vijana wa vyuma chakavu huingia na nyundo na misumeno kutafuta nondo, na kila nondo wanayoikata ilikuwa ikishikilia kipande cha zege juu ya vichwa vyao. Kuwafukuza hakutoshi, kwa kuwa nondo ni fedha na wana njaa. Mkataba ungetaja kwamba vyuma ni vya nani, vitolewe na nani na vikatwe kwa mkasi wa mashine zege likiwa tayari chini, na uzio usiondolewe hadi kifusi cha mwisho kipakiwe. Ikiwezekana, vijana haohao waajiriwe kuchambua kifusi kikiwa chini, wakiwa na glavu na buti.

Inabaki sehemu ambayo wengi huiona kama imekwisha: msingi. Kung'oa msingi ulio ubavuni mwa nyumba ya jirani kunaweza kuiangusha nyumba hiyo wiki mbili baada ya kila mtu kupongezana. Ardhi iliyokuwa imebanwa pande zote sasa ina upande mmoja wazi, na mvua ikinyesha inaanza kumong'onyoka chini ya ukuta wa mtu mwingine. Msingi wa mpakani huachwa kama ulivyo ikiwa mchoro wa jengo jipya unaruhusu. Kama lazima uondolewe, hutolewa kwa vipande vifupi vya mita moja hivi, kwa kurukaruka, na kila pengo hujazwa zege na kuachwa likauke kabla ya kugusa linalofuata. Shimo linalobaki hujazwa udongo kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, kila tabaka likishindiliwa, na maji ya mvua yakielekezwa mbali na ukuta wa jirani. Hapo ndipo mhandisi anapoweza kutia sahihi na kusema kazi imekwisha.